Maneno Uliyoyaweka Nyuma ya Picha ya Harusi

Hafidh mwanangu,

Habari za koti, za chakula na za kunipigia simu kila Ijumaa nimekwisha kukwambia mpaka umeniomba ninyamaze, basi nimenyamaza. Hii ni barua ya mambo mengine. Wewe umekwenda Lozells kumuaga mama yako mdogo Zuhura, mume wangu Ramazani yuko chumba cha mbele anasikiliza mpira redioni, na mimi niko hapa jikoni na kalamu. Mume wangu! Ona, nimeliandika tena. Mwanamke wa umri wangu, niliyeishia kidato cha nne, mwenye mwana anayenizidi kimo kwa kichwa kizima, na bado nikiliandika neno hilo nacheka peke yangu kama msichana. Nisamehe. Hina yenyewe haijatoka kwenye kucha.

Lakini barua hii ni ya ngumi. Nataka tuzungumze habari ya ngumi kabla hujapanda basi la Glasgow kesho alfajiri, kwa sababu mpango wako naujua. Zuhura ameniambia. Umepanga kutoka wakati Ramazani yuko msikitini, ili usilazimike kumpa mkono.

Unakumbuka tulivyoanza duka. Chumba cha mbele hapa Saltley, madera yametundikwa mpaka kwenye fimbo ya pazia, mabaibui yamelala juu ya sofa, kanzu za watoto ndani ya boksi la televisheni. Nilikuwa nikiuza kwa picha za simu tu, kwa wanawake wa Tanga na Mombasa niliowajua. Ulipomaliza chuo ukasema, "Mama, nitakujengea duka la kweli mtandaoni." Ukalijenga. Picha zikiteleza kama hariri, maandishi ya kijivu chepesi juu ya weupe, menyu ikifunguka yenyewe kipanya kikiigusa. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Maelezo ya nguo ukaniachia mimi. Nikaandika "dera zuri", "baibui zuri sana", "gauni zuri mno la sherehe". Nikajiona mwandishi.

Kisha akapiga simu mwanamume, Kiswahili chake cha Kongo kimejaa hasira.

"Mama, butike yako iko inanipiga."

"Inakupiga vipi, kaka?"

"Inanipiga ngumi ya uso! Mimi ni kipofu, simu yangu ndiyo inanisomea. Nafungua kwako, inasema: picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe ya nini, mama? Ya kulipa ao ya kulia?"

"Unataka nini nikuuzie hapa hapa?"

"Dera ya dada yangu. Anaozesha mutoto."

"Yapo mazuri sana."

"Mazuri! Kila kitu kwako ni mazuri. Hata mutu wa kuuza punda atasema punda ni muzuri. Iko rangi gani?"

Wallahi nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipokusimulia ulinijibu kwa Kiingereza chako cha hapa kwamba huyo ni mteja mmoja tu, na kipofu ana shida gani na duka la nguo. Na mimi nikakubaliana nawe, nikarudi kukunja vitambaa. Nilidhani asiyeona havai.

Wiki ile ile Ramazani akaja mwenyewe kwa basi kutoka Nechells, fimbo nyeupe mkononi, koti limefungwa mpaka kidevuni. Nikamketisha, nikamwekea dera mapajani. Akalipapasa. Akauliza rangi. Nikasema jekundu.

"Nyekundu gani? Ya damu ya leo ao ya damu ya jana?"

Nikamtazama. Akanieleza kwa upole kabisa, kama mtu anayeelekeza njia, kwamba rangi ya mwisho aliyoiona duniani ilikuwa hiyo. Alikuwa akitoka zamu ya ghalani, vijana wakataka simu yake, akachelewa kuitoa, na mmoja alikuwa na nondo. Nondo ya kwanza meno, ya pili macho. Alilala kwenye lami yenye barafu akatazama damu yake ikibadilika kutoka rangi moja kwenda nyingine, kisha asione tena kitu chochote.

Nikatafuta maneno, Hafidh. Nilitafuta kama mtu anayetafuta kibiriti gizani. Nikasema, "Nyekundu ya tikiti lililopasuliwa sasa hivi, kabla nzi hawajafika." Akatabasamu. Jamani, tabasamu lile! Lenye pengo mahali nondo ilipopita! Nikamtolea nguo nyingine, na nyingine, mpaka chai ikapoa mara mbili, nikimweleza kijani cha kisamvu kibichi na kijani cha kisamvu kilichoiva, na yeye akisikiliza kwa uso wake wote. Hakuna mwanamume aliyewahi kunisikiliza hivyo. Baba yako alinisikiliza ili ajue pa kunipigia.

Ni mimi niliyekusukuma ulirekebishe duka. Ulikunja uso, lakini ulilirekebisha, na Jumamosi zile za mwanzo zilikuwa tamu. Ramazani alichukua kipanya akakificha chini ya mto wa sofa, akasema, "Sasa tuone mulango wako unafunguka kwa nini." Menyu haikufunguka. Vitufe vya saizi havikuwa na majina. Maandishi yako ya kijivu hata mimi, nikivua miwani, niliona ukungu mtupu. Ukajifunga mtandio wangu machoni ukajaribu kununua kofia kwenye duka lako mwenyewe, ukazunguka kwenye bango la kwanza kama kuku aliyekatwa kichwa. Ramazani akapiga meza kwa kicheko. "Petit, karibu kwetu!" Alikuita petit tangu siku ya kwanza, ndivyo Wakongo wanavyomwita mdogo wao, na wewe ulijidai hupendi lakini nilikuona ukitabasamu ndani ya mtandio.

Sasa ile Jumamosi nyingine. Hatujaitaja, sote watatu, tangu siku ile. Nitaitaja mimi.

Asubuhi nilikwambia kwamba tumepanga siku ya nikaha. Nilikwambia huku nikikunja nguo na kuimba, kana kwamba ni habari ya bei ya vitunguu, kwa sababu nilikuwa na furaha na furaha ilikuwa imenifanya mpumbavu. Wewe ukaifungua kompyuta. Mkakaa mezani, wewe na Ramazani. Mlikuwa kwenye ukurasa wa kulipa. Ramazani akajaza jina, anwani, kila kitu, na ukurasa ukamfutia vyote kwa sababu alichelewa. Akaanza upya. Ukamfutia tena. Nikaingia na chai. Alipokipokea kikombe vidole vyake vikapita juu ya kifundo cha mkono wangu, mahali mfupa ulipoungana vibaya, vikasimama hapo.

"Mukono hii nani aliivunja?"

"Nilianguka," nikasema. "Zamani. Kwenye ngazi."

"Apana. Mukono ya kuanguka naijua. Hii ilikunjwa." Akageuza uso upande wako. "Petit anajua. Nimesikia pumzi yake imekatika. Sema, petit."

"Niache."

"Mama anasema alianguka. Ni kweli?"

"Nimesema niache!"

"Mutoto mwanaume mukubwa hivi, anaogopa—"

Hakuimaliza. Niliisikia ngumi kabla ya kuiona. Kiti kilikwenda nyuma pamoja naye, kichwa kikagonga ukingo wa meza ya kukatia, kikombe kikapasuka, chai na damu vikaruka juu ya kanzu nyeupe za Idi. Ukamfuata sakafuni. Ukampiga tena. Na mikono yake, Hafidh, mikono yake ilikuwa ikitafuta hewani upande ambao hukuwepo, kwa sababu hakujua uko wapi. Nikifumba macho ndicho ninachokiona. Si ngumi. Mikono ile ikitafuta.

Na mimi sikupiga yowe. Nilinyakua kitundikio cha mbao nikakuchapa nacho mgongoni na shingoni mpaka kikavunjika, nikanyakua kingine. Nikakuita kwa jina la baba yako. Nikasema, "Muue basi, mwana wa baba yako, maliza kazi yake!" Uliniangalia. Uliichukua kompyuta ukaibamiza ukutani, na alama yake ipo mpaka leo nyuma ya kalenda, kisha ukatoka. Vitundikio nimenunua vingine. Neno lile sijui nilifuate wapi.

Nilikuita kwa jina lake wakati wewe ndiye pekee uliyemwona siku aliyonivunja mkono. Ulikuwa bado na meno ya utoto, umekaa chini ya meza ya jikoni na penseli zako za rangi. Aliukunja mkono wangu juu ya ukingo wa sinki kama mtu anayevunja kuni. Kilicholia ni mfupa, si mimi. Kisha akaosha mikono kwenye sinki lile lile, akatupeleka hospitali, akabaki ndani ya gari.

Muuguzi aliniuliza. Sikujua Kiingereza, kwa hiyo akakutazama wewe, ukanitafsiria: anauliza imekuwaje. Nikakwambia, "Mwambie mama ameanguka ngazini." Ukanitazama. Tulikuwa tunakaa nyumba ya chini, Hafidh. Nyumba ile haikuwa na ngazi. Ulijua haikuwa na ngazi. Ukageuka ukamwambia muuguzi, kwa Kiingereza kizuri, kwamba mama ameanguka ngazini, na yule mama wa watu akafurahi jinsi ulivyo hodari, akakubandikia stika ya nyota kifuani.

Nimeishi na nyota ile. Baba yako alipoondoka kwenda kwa mwanamke mwingine nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe nilikuwa fundi wa poda tu. Naijua poda gani inafunika jicho lililopigwa juzi na gani inafunika la leo, unaanza na ya manjano, unashindilia, hupanguzi. Ukanitafsiria benki, ukanitafsiria shuleni kwako mwenyewe walipolalamika kwamba unapigana. Nilikuambia uwaambie wewe ni mpole nyumbani. Ukawaambia.

Sasa, siku ya nikaha. Asubuhi, kabla Zuhura hajaniletea gauni, bibi harusi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya bwana harusi nikimpaka poda. Uvimbe ulikuwa bado kama yai. "Umekwisha?" aliuliza. "Umekwisha," nikasema, "hata hauonekani." Wageni wakamsifu: kang'ara bwana harusi, kama sultani! Naye akainua kidevu, mpenzi wangu, akakipeleka huku na huku ili kila mtu amwone. Wewe ulisimama karibu na mlango na viatu vyako miguuni. Mpiga picha alipoita jamaa, ulikuwa umeshaondoka.

Nilidhani utaliacha duka. Hukuliacha. Ulinunua kompyuta nyingine, ukajifungia juu, na kazi ikaendelea kupitia miguu yangu.

"Mama Hafidh, mwambie petit wako kitufe ya saizi bado ni bubu."

Nikapanda. "Anasema kitufe cha saizi bado ni bubu."

"Mwambie mume wako aufungue ukurasa upya."

Nikashuka. "Anasema ufungue upya."

"Imesema! Mwambie imesema: kubwa, ya kati, ndogo. Mwambie asante. Apana, usimwambie asante. Mwambie imesema."

Nimepungua kiuno kwa ngazi hizi. Ukaondoa ile saa ya kufuta ukurasa. Ukayatia maandishi weusi. Ukaifanya menyu ifunguke kwa kibodi tu, na mimi ambaye kifundo changu huwaka moto nikishika kipanya nikagundua kwamba siku zote nilikuwa nikiumia kwenye duka langu mwenyewe, nikinyamaza. Kisha ukaniletea maelezo yangu yote ya nguo. Ulisimama mlangoni ukaniambia sentensi moja: "Mama, zuri si rangi." Ukaniketisha niandike upya kila nguo, kilichopo, kama kilivyo. Baibui jeusi, mikono mipana, kifungo kimoja shingoni. Dera la manjano ya embe bivu, doa dogo kwenye pindo, bei imepunguzwa. Na yale maneno ya nyuma ya picha, yasiyoonekana na anayetazama ila husomwa kwa anayesikiliza, ulisema utayaandika mwenyewe.

Leo mchana Ramazani alilikagua duka lote kwa mara ya mwisho. Niko pembeni yake nakata uzi. Lile jimama la ndani ya simu, unalijua, linalosoma bei na misiba kwa sauti moja, likapita kwenye kanzu, likapita kwenye kofia, likafika ukurasa wa habari zetu, mahali nilipokuomba uiweke picha ya harusi. Likasoma:

"Picha ya harusi. Bibi harusi amevaa gauni la kijani na anacheka, meno yote yanaonekana. Bwana harusi amevaa kanzu rangi ya maziwa na ameinua kidevu. Jicho lake la kushoto limevimba chini ya poda. Nilimpiga mimi, mtoto wa bibi harusi. Hakuniona nikija. Mkono wa kulia wa bibi harusi umepinda kwenye kifundo. Hakuanguka."

Mkasi ukanidondoka.

Ramazani akalirudisha lile jimama mwanzo. Likasoma tena, kwa sauti ile ile ya bei. Akapeleka vidole kwenye jicho, akapapasa mahali uvimbe ulipokuwa.

"Kumbe uvimbe ilionekana chini ya poda."

"Ulionekana."

"Na bote wale walisema niko muzuri."

"Ulikuwa mzuri! Wallahi ulikuwa mzuri!"

"Mama Hafidh," akasema, "zuri si rangi."

Maneno yako, mwanangu, kinywani mwake. Kumbe siku ile alikuwa anasikia kutoka chumba cha pili. Nikalia, nikamweleza sinki, na penseli za rangi, na gari, na nyota. Alinisikiliza kama alivyosikiliza tikiti. Nilipomaliza akanyanyuka, akaenda mpaka ukutani, akaupiga ukuta ngumi moja ambayo imemchuna vidole, akarudi akakaa. Hivyo nina wanaume wawili wenye hasira, na ukuta mmoja wa kuimalizia.

Kisha ule ubiashara wangu ukaniingia. Nikasema, "Lakini wateja watasikia. Nitamwambia Hafidh ayatoe."

"Iache," akasema. "Nilikuwa kwenye harusi yangu na sikuiona. Leo ndiyo naiona mara ya kwanza."

Hafidh, najua unakwenda Glasgow kwa kazi nzuri, na najua pia unakimbia. Unautazama mkono wako wa kulia ukiwa mezani. Nimekuona ukiuweka chini ya paja. Unadhani ni wa baba yako, na mimi ndiye niliyekwambia hivyo, kwa kitundikio mkononi, kwa hiyo sina haki ya kukubishia kirahisi. Nakwambia nilichokiona tu. Baba yako akinipiga alikuwa akinunua nyama jioni, tunakula, na hakuna anayesema kitu. Wewe ulipiga, kisha ukaandika kwa mkono ule ule, mahali ambapo aliyepigwa ndiye atakayesikia. Sisemi kwamba imefuta. Uso wa mtu si ukurasa, haufunguliwi upya.

Maana kuna kitu hukijui, kwa kuwa unampisha kila anapopita. Tangu siku ile, mtu akimkaribia kimya, Ramazani hunyanyua kiwiko mbele ya uso wake. Hata mimi. Usiku wetu wa kwanza, nimejifukiza udi, nimejipaka singo, nimemwendea na kikombe cha maziwa ya iliki kama bibi harusi wa hadithi, akanyanyua kiwiko. Maziwa yakamwagika kitandani. Tukacheka, lakini nilikiona kiwiko. Sasa kila nikimsogelea nasema kwanza, "Ni mimi." Nasema nikiwa na sahani, nasema nikiwa na nguo za kufua, nasema gizani. Nimelisema mpaka limegeuka kuwa neno la mapenzi, na naona haya kukuandikia, lakini wewe ni mtu mzima, na hivi ndivyo mama yako anavyopendwa.

Kesho haendi msikitini. Atasali hapa nyumbani, kisha atakaa kwenye kiti kilicho chini ya ngazi. Sikumwomba, amesema mwenyewe. "Nitamungoja petit. Akitaka kupita, apite." Mlango wa nyuma nao uko wazi, ufunguo nimeuacha kwenye kitasa, na ukitokea huko sitakufuata wala sitakuita jina lolote isipokuwa lako. Barua hii nitaipitisha chini ya mlango wako ukirudi.

Lakini nyumba hii ina ngazi, Hafidh. Ukiamua kushuka nazo, usimnyooshee mkono kwanza. Anza na sauti, ukiwa bado mbali. Sema, "Ni mimi, Hafidh." Kisha simama hapo hapo, usisogee, ungoje mpaka kiwiko chake kishuke.

Mama yako